Uji wa haidrati ndani ya bomba: namna ya kujua kama utapita au utaziba

Ukipika uji, kinachoamua kama watu watakunywa uji laini au watatafuna madonge ni mwiko: ulianza kukoroga lini, ulikoroga kwa nguvu gani, na uliuacha kwa muda gani ulipokwenda kufungua mlango. Unga na maji vinaweza kuwa vilevile kabisa. Bomba la mafuta lililolala kwenye sakafu ya bahari lina tabia hiyohiyo. Maji na gesi vikikutana penye baridi na presha kubwa hujenga haidrati, kitu cheupe kigumu kinachofanana na barafu. Molekuli za maji hujipanga kuwa vizimba vidogo, na ndani ya vizimba hivyo hunaswa methani, ethani, propani au kabonidayoksaidi. Chembe hizo zikielea ndani ya mafuta, tunapata uji. Uji huo unaweza kusafiri kilomita nyingi salama, na unaweza pia kuziba bomba zima ndani ya saa chache.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi wa petroli, au mhandisi kijana aliyekabidhiwa bomba na kuulizwa swali moja: litapita au litaziba? Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Wengi hutumia nguvu zote kukadiria haidrati itakuwa kiasi gani, na hawafiki kwenye swali zito zaidi, yaani kama chembe zake zinashikana. Kiasi ni muhimu, na tutakihesabu. Lakini ukikosea kwenye kushikana, hesabu zako nyingine zote zitakuwa za bomba lisilokuwepo.

Hatua ya 1: Hakikisha uko ndani ya eneo la haidrati

Haidrati haihitaji joto la chini ya sifuri, na hilo ndilo liliwachanganya watu wa zamani. Mkemia Mwingereza Humphry Davy aliieleza haidrati ya klorini mwaka 1810, ikabaki kuwa jambo la maabara kwa zaidi ya karne. Mwaka 1934 mtafiti Hammerschmidt alionyesha kwamba kilichokuwa kikiziba mabomba ya gesi Marekani, hata penye joto la juu ya kiwango cha kuganda, kilikuwa haidrati wala si barafu.

Kwa methani tupu na maji safi, kumbuka alama hizi: kwenye 0°C haidrati huanza karibu bar 26, kwenye 4°C karibu bar 39, kwenye 10°C karibu bar 70. Kwa bar 100, methani tupu hutengeneza haidrati chini ya takribani 13°C. Propani kidogo ikiingia, mambo hubadilika sana: gesi ya kawaida inayotoka pamoja na mafuta, kwa presha hiyohiyo ya bar 100, inaweza kuanza kuganda kwenye joto linalokaribia 20°C. Kwa hiyo usitumie mstari wa methani kwa gesi ya kisima chako. Chukua uchambuzi halisi wa gesi, uuweke kwenye programu ya kukokotoa usawa wa haidrati, na uingize pia chumvi ya maji. Chumvi ya maji ya bahari hushusha joto la mpaka, yaani joto ambalo haidrati huanzia, kwa karibu 1°C tu, ila maji ya kisimani yanaweza kuwa na chumvi nyingi zaidi na yakasaidia sana.

Sasa toa joto la bomba kwenye joto la mpaka. Tofauti hiyo ndiyo kina cha baridi, na ndiyo inayosukuma haidrati izaliwe na kukua. Bahari kwenye kina cha mita 1,000 na kuendelea huwa na karibu 4°C au chini zaidi. Mpaka wako ukiwa 20°C na bahari 4°C, kina cha baridi ni 16°C, na hicho ni kingi.

Kabla ya kwenda mbele, fanya hesabu ya njia ya zamani, yaani kumwaga methanoli (alkoholi inayoshusha mpaka wa haidrati), ili ujue kwa nini tunahangaika na uji. Fomula ya Hammerschmidt kwa methanoli ni hii: mpaka unashuka kwa 1297 × w ÷ (32 × (100 − w)), w ikiwa asilimia ya methanoli ndani ya maji kwa uzito. Kushusha 16°C kunahitaji w ya takribani 28. Kisima kikitoa tani 100 za maji kwa siku, unamwaga karibu tani 40 za methanoli kila siku, bila kuhesabu ile inayotorokea kwenye gesi na mafuta. Maji yakiongezeka kadiri kisima kinavyozeeka, methanoli nayo inaongezeka. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuiacha haidrati itokee, kisha kuhakikisha inatiririka.

Hatua ya 2: Tambua ni mfumo gani unao

Uji ninaouzungumzia ni wa bomba ambalo mafuta ndiyo mengi, na maji yamesambaa ndani yake kwa matone. Kila tone hupata ganda la haidrati juu yake, kama yai linavyopata ganda, na kisha huendelea kugeuka polepole kuelekea ndani, kwa sababu gesi lazima ipenye ganda hilo. Hiyo ndiyo hali ya visima vingi vya mafuta vya kina kirefu katika Ghuba ya Mexico, Brazili na Angola.

Bomba lenye maji mengi kuliko mafuta ni habari nyingine. Chembe huelea ndani ya maji yenyewe, na gesi huingia kwa mapovu. Mafuta yanapokuwa machache, maji yakizidi nusu ya kimiminika, mchanganyiko unaweza kugeuka nje ndani, mafuta yakawa ndiyo matone ndani ya maji, na makadirio ya hatua zinazofuata yanapoteza maana.

Bomba la gesi nalo lina tabia yake. Hapa niseme neno kwa wasomaji wa Tanzania na Msumbiji. Gesi iliyogunduliwa Zafarani mwaka 2012, kwenye Kitalu namba 2 nje ya pwani ya Lindi na Mtwara, iko chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Msumbiji tayari inazalisha: meli ya Coral Sul, kwenye maji ya kina cha karibu mita 2,000, ilitoa shehena yake ya kwanza ya gesi iliyosindikwa Novemba 2022. Huko chini ni baridi ya haidrati kabisa. Lakini hiyo ni gesi kavu: hakuna mafuta ya kubeba chembe, maji ni unyevu unaoganda kwenye ukuta wa bomba na kulinenepesha kwa ndani kama kutu. Usimpelekee bosi wako hesabu za uji kwa bomba la namna hiyo. Dawa yake inayojulikana ni glaikoli, inayozunguka kutoka nchi kavu hadi kisimani na kurudi kusafishwa. Songo Songo ni kisa kingine tena: maji ya pwani ni mafupi na yana joto, kwa hiyo bomba lenyewe liko salama. Pa kuangalia ni kwenye vali za kupunguza presha, ambako gesi hupoa karibu nusu digrii kwa kila bar inayoshuka.

Hatua ya 3: Hesabu haidrati itakuwa sehemu gani ya uji

Meta moja ya ujazo ya haidrati ya methani imebeba takribani meta 165 za ujazo za gesi, ikipimwa kwa presha na joto la kawaida, pamoja na meta 0.8 za ujazo za maji. Kwa hiyo meta moja ya maji ikigeuka yote hutoa meta 1.25 za haidrati. Ujazo unaongezeka. Wanafunzi wengi huiruka sehemu hii, na majibu yao hutoka madogo kuliko inavyotakiwa.

Chukua mfano: kimiminika chenye mafuta asilimia 80 na maji asilimia 20. Maji yote yakigeuka, haidrati ni 0.25 ndani ya jumla ya 1.05, yaani karibu asilimia 24. Nusu tu ya maji ikigeuka, haidrati ni 0.125, maji yaliyobaki 0.10, mafuta 0.80, sehemu ya haidrati ni asilimia 12. Tofauti ya 12 na 24 inaonekana ni maradufu tu. Subiri hatua ya tano.

Nusu au yote, utajuaje? Kama una bomba linalofanya kazi, angalia gesi. Katika mfano wetu, kugeuka kwa nusu ya maji kunameza karibu meta 20 za ujazo za gesi kwa kila meta ya kimiminika. Gesi inayofika juu ikipungua bila sababu na maji kwenye kitenganishi (chombo kinachotenga gesi, mafuta na maji) yakipungua wakati huohuo, unajua yamekwenda wapi. Maji ya chumvi yana breki yake: vizimba vya haidrati havichukui chumvi, kwa hiyo maji yanayobaki yanazidi kuwa makali na kugeuka kunapungua penyewe.

Hatua ya 4: Jua kama chembe zinashikana

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Mtoto wa pwani anajua kwamba mchanga mkavu haujengi nyumba. Unatiririka kati ya vidole. Mchanga wenye unyevu unasimama, kwa sababu kati ya punje na punje kuna kidaraja cha maji kinachozivuta pamoja. Chembe za haidrati ndani ya mafuta ziko hivyohivyo. Chembe kavu, zilizogeuka zote, hugongana na kuachana. Chembe yenye maji juu ya ganda lake ikigusana na jirani huunda kidaraja, kisha kidaraja chenyewe huganda, na sasa una donge. Ndiyo maana wakati wa hatari zaidi ni mwanzoni, chembe zinapozaliwa na maji bado yapo kila mahali. Chuo cha Colorado School of Mines kimefanya kazi ndefu ya kupima nguvu hii kati ya chembe mbili chini ya hadubini, na picha inayotoka ni hiyo: maji huru ndiyo gundi.

Mafuta ghafi mengine yana kinga ya asili. Asfaltini na asidi zilizomo hupaka uso wa matone na kuzuia yasishikane. Ndiyo maana kuna mabomba yaliyofanya kazi miaka ndani ya eneo la haidrati bila kuziba, huku jirani zao wakiziba mara kwa mara kwa kiasi kilekile cha maji. Mafuta yasipokuwa na kinga hiyo, unaongeza kemikali ya kuzuia kushikana. Kiwango chake kwa kawaida ni kama asilimia 0.5 hadi 2 ya maji. Linganisha na zile tani 40 za methanoli. Masharti yake ni kwamba mafuta yawepo ya kutosha kubeba chembe. Usiichanganye na ile aina nyingine ya kemikali inayochelewesha haidrati kuzaliwa: hiyo hushindwa kina cha baridi kinapopita takribani 10 hadi 12°C, na tena ina kikomo cha muda.

Ili kupima, tumia seli inayobembea: mrija wa presha wenye mafuta yako halisi, maji na gesi, na ndani yake gololi ya chuma. Ubembeze kwenye baridi ya bahari na uhesabu muda wa gololi kutoka ncha hadi ncha. Gololi ikiendelea kukimbia, uji ni mzuri. Ikipunguza mwendo, mnato, yaani uzito wa uji katika kutiririka, umepanda. Ikikwama, umepata jibu. Kisha lifanye jaribio la pili ambalo wengi huliruka: simamisha kubembea kwa saa 6, 12, au usiku mzima, halafu anza tena. Mafuta yanayofaulu jaribio la kwanza na kufeli la pili ni mengi.

Kama chuo chako hakina vifaa vya presha, usikate tamaa. Siklopentani hutengeneza haidrati kwa presha ya kawaida ya hewa, chini ya takribani 7°C, na muundo wake ni wa familia ileile ya haidrati ya gesi asilia yenye propani. Changanya maji, mafuta mepesi ya madini na siklopentani, ongeza kipande kidogo cha barafu kuamsha uzazi, ukoroge ndani ya beseni la maji ya baridi kali. Utaona kwa macho yako chembe zikizaliwa, zikishikana, na zikiachana ukidondosha kemikali. Siklopentani hushika moto kwa urahisi sana, kwa hiyo fanya kazi penye hewa inayopita na mbali kabisa na cheche.

Hatua ya 5: Kadiria mnato wa uji

Fomula inayotumika sana ni ya Camargo na Palermo, waliyoiwasilisha mwaka 2002. Inatuambia kwamba donge si mpira uliojaa. Lina matundu, na mafuta yaliyonaswa humo yanasafiri kama sehemu ya donge. Kwa hiyo haidrati inachukua nafasi kubwa kuliko ujazo wake halisi.

Iite r: donge ni kubwa mara ngapi kuliko chembe moja, kwa kipenyo. Sehemu halisi ya haidrati izidishe kwa kipeuo cha pili cha r, yaani mzizi wa r (kwa r = 4, ni 2). Unapata sehemu inayotenda, tuiite S. Kisha mnato wa uji ukilinganishwa na wa mafuta matupu ni (1 − S) ÷ (1 − S/0.57)². Hiyo 0.57, kwa usahihi 4/7, ni kiwango ambacho chembe zimebanana hadi haziwezi kupitana.

Weka r = 4. Haidrati ikiwa asilimia 10, S ni 0.20 na mnato unapanda mara 1.9. Kwa asilimia 20, S ni 0.40, mnato mara 6.7. Kwa asilimia 25, S ni 0.50, mnato mara 32. Tazama vizuri hatua ya mwisho: asilimia 5 tu za nyongeza, na mnato unakaribia kuwa mara tano ya ulivyokuwa. Sasa weka r = 1, chembe zisizoshikana kabisa, haidrati asilimia 20: mara 1.9 tu. Kiasi kilekile cha haidrati, uji tofauti kabisa. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema mwanzoni.

Na r inatoka wapi? Inatoka kwenye mvutano wa pande mbili: nguvu ya kushikana inajenga donge, msuguano wa tabaka za kimiminika zinazopitana kwa kasi tofauti unalivunja. Kasi hiyo ya mkato, kwenye ukuta wa bomba, ni takribani 8V/D, V ikiwa mwendo na D kipenyo. Katika fomula, r kwa kipeo cha 1.5 hulingana na nguvu ya kushikana ikigawanywa kwa kasi ya mkato na mnato wa uji wenyewe. Kwa kuwa mnato unategemea r na r inategemea mnato, utazungusha hesabu mara kadhaa hadi itulie. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha.

Nimeizungusha kwa bomba la kipenyo cha sentimita 20 lenye haidrati asilimia 15. Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, kasi ya mkato ni 60 kwa sekunde. Tuseme hapo r ni 4, na mnato unatoka mara 3.1. Punguza mwendo hadi mita 0.5. Madonge yanakua hadi r ya karibu 6, na mnato unafika karibu mara 5. Uji unakuwa mzito zaidi kwa sababu umeupunguza mwendo. Mtu wa zamu anayepunguza uzalishaji "ili kupumzisha bomba" anapaswa kulijua hili kabla hajagusa vali.

Hatua ya 6: Geuza mnato kuwa presha, kisha usiiamini presha peke yake

Tuchukue bomba lilelile likiwa limejaa kimiminika, mafuta yenye uzito wa kilo 800 kwa meta ya ujazo na mnato wa 5 mPa·s, mwendo mita 1.5. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni wa vurugu au tulivu, ni 48,000, yaani mtiririko wa vurugu, na presha inashuka karibu bar 0.96 kwa kilomita. Mnato ukipanda mara 6.7, inashuka bar 1.5. Ukipanda mara 32, namba ya Reynolds inaanguka hadi 1,500, mtiririko unakuwa tulivu, na presha inashuka bar 1.9 kwa kilomita.

Soma tena. Mnato umepanda mara 32, presha imepanda mara mbili tu. Kwenye mtiririko wa vurugu presha hutawaliwa zaidi na uzito na mwendo kuliko mnato, kwa hiyo saa ya presha inaweza kukuonyesha hali ya kawaida wakati uji umeshakuwa ugali. Rudia hesabu kwa mwendo wa mita 0.3: bila haidrati ni bar 0.06 kwa kilomita, na kwa mnato wa mara 32 ni bar 0.38, karibu mara saba. Ukweli hujitokeza mwendo unapopungua, wakati ambao nafasi ya kurekebisha nayo imepungua.

Kwa hiyo tazama dalili kadhaa pamoja. Joto linalopanda ghafla kidogo penye baridi, kwa kuwa haidrati hutoa joto inapozaliwa. Gesi na maji vinavyopungua kwenye kitenganishi. Presha inayocheza juu na chini kwa namna isiyo na mpangilio, hasa hiyo, maana ni madonge yanayokwama na kuachia.

Hatua ya 7: Angalia pa kutuama

Haidrati ina uzito wa kama kilo 910 hadi 940 kwa meta ya ujazo. Ni nzito kuliko mafuta mengi, nyepesi kuliko maji. Ndani ya mafuta huzama taratibu na kutengeneza kitanda chini ya bomba mwendo ukipungua. Ndani ya maji huelea. Pitia ramani ya bomba na uweke alama kila bonde ambalo maji yanaweza kukaa, kila kona, kila mahali kipenyo kinapobadilika. Hayo ndiyo yatakayoziba kwanza.

Mfano wa haidrati kuelea na kuharibu kazi ulionekana dunia nzima mwezi Mei 2010, kwenye kisima cha Macondo cha BP katika Ghuba ya Mexico. Kuba kubwa la chuma liliteremshwa karibu mita 1,500 ili kukinga mafuta yaliyokuwa yakivuja. Gesi ilikutana na maji ya bahari ndani ya kuba, haidrati ikajaa juu na kuziba tundu la kutokea, na kuba lenyewe likawa jepesi hadi likabidi kuwekwa pembeni. Vifaa vilivyofuata vilishushwa vikiwa na njia ya methanoli.

Hatua ya 8: Panga kusimama na kuanza upya kabla hujaanza

Ukiniuliza bomba linaziba lini, nitakujibu: linapowashwa tena. Wakati limesimama, maji hujitenga na mafuta na kulala mabondeni, bomba hupoa hadi joto la bahari, na chembe zilizokuwa zinapitana hupata muda wa kugandana. Ukisukuma, unachanganya maji baridi na gesi mpya kwa vurugu.

Uji uliokaa hupata ukinzani wa kuanza: hauondoki kabisa mpaka usukumwe kwa nguvu fulani, na ukinzani huo huongezeka kadiri muda wa kusimama unavyoongezeka. Presha ya kuuondoa ni 4 × ukinzani × urefu ÷ kipenyo. Uji wenye ukinzani wa paskali 10 ndani ya kilomita 5 za bomba la sentimita 20 unataka bar 10. Ukinzani ukifika paskali 100, unataka bar 100, na huenda pampu yako haina. Pima ukinzani huu maabara kwa saa zilezile ambazo bomba lako linaweza kukaa limesimama.

Kwa hiyo andika mapema, kwa namba: bomba linachukua saa ngapi kupoa hadi mpaka wa haidrati, kati ya hizo, saa ngapi za kutafuta hitilafu bila kugusa kitu, baada ya hapo nani anaanza kupuliza methanoli na wapi, lini presha inashushwa, lini mafuta ya kisima yanasukumwa nje na kubadilishwa na mafuta yasiyo na gesi. Wakati wa kuwasha, piga methanoli kwanza kwenye mabonde na kwenye vali ya kisima, na usikae kwenye mwendo mdogo kwa muda mrefu kuliko inavyolazimu, kwa sababu ya lile jambo la hatua ya tano.

Hatua ya 9: Likiziba

Kizibo cha haidrati kimeua watu. Kikiwa na presha kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine kinaweza kuachia na kuruka ndani ya bomba kama risasi, kikapasua kona au vali. Kwa hiyo usishushe presha upande mmoja tu kwa kizibo kilichoko kwenye bomba refu lenye gesi. Shusha pande zote mbili, polepole, ukilinganisha. Kikishuka presha pande zote, joto la bahari huingia kupitia ukuta wa bomba na kizibo huyeyuka kuanzia pembeni. Na usipashe joto katikati ya kizibo huku ncha zake zimeziba: ile gesi, mara 165 ya ujazo wake, haina pa kwenda, na bomba hupasuka. Subira hapa ni ya siku, wakati mwingine wiki.

Kikishayeyuka, maji yake yamelala pale pale yalipokuwa, na maji yaliyotoka kwenye haidrati huganda tena kwa haraka kuliko maji mapya. Yapelekee methanoli kabla hujafungua kisima, subiri ifike kwenye bonde, ndipo uwashe.